Gari na Daftari Lake

Somo la kusoma na kujadiliana darasani

1. Magari katika wilaya zetu

Wilaya ya Karagwe na wilaya ya Kyerwa ni ndugu. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Zote mbili zina milima, ndizi, kahawa, maharage na ng'ombe. Zote mbili zinahitaji magari.

Magari hubeba ndizi kutoka shambani hadi gulioni. Hubeba kahawa wakati wa msimu. Hupeleka abiria Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Murongo na Bukoba. Usiku wa manane gari la jirani ndilo linalompeleka mjamzito hospitali ya Nyakahanga. Usiku huo hakuna mtu anayeuliza gari ni la rangi gani. Watu wote huuliza jambo moja tu: Je, litawaka?

Zamani gari lilikuwa mali ya serikali, misheni, chama cha ushirika au mfanyabiashara mkubwa. Siku hizi mwalimu, mkulima wa kahawa na kikundi cha akina mama wanaweza kununua gari. Mengi ya magari hayo yametumika kwanza Japani. Huko, kama kwetu, magari hupita upande wa kushoto wa barabara na usukani wake uko kulia. Hii ni sababu moja ya magari hayo kutufaa.

Lakini gari lililotumika ni kama ng'ombe aliyenunuliwa mnadani. Sura yake unaiona. Habari zake huzijui. Somo hili linaeleza jinsi ya kulijua gari, kulitunza na kuandika habari zake.

2. Gari imara ni gari gani?

Wapo watu wanaopenda magari kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Watu hao wakikaa pamoja hubishana. Mmoja husifu Land Cruiser. Mwingine husifu Land Rover. Wa tatu anasema hakuna gari kama Hiace au Hilux. Ubishi huo una raha yake, na una mafunzo ndani yake.

Tuchukue mfano wa Toyota Land Cruiser ya aina ya 70. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana. Watu huipenda kwa sababu tatu. Kwanza, fremu yake na springi zake ni nzito, hivyo huvumilia mashimo. Pili, iko juu, hivyo haikwaruzwi na mawe. Tatu, mafundi wengi wanaijua. Lakini bei yake ni kubwa, na inakunywa mafuta mengi. Kwa mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, gari dogo kama Toyota Corolla au Probox linaweza kumtosha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gari jiulize maswali haya:

Kazi ya gari ni nini? Ni kubeba mizigo, abiria, au familia?
Barabara ya kwetu ikoje wakati wa mvua?
Je, spea zake zinapatikana Kayanga au Bukoba?
Je, fundi wa karibu analijua?
Je, baada ya kulinunua nitabaki na fedha za kulitunza?

Swali la mwisho husahauliwa na wengi. Mtu anauza kahawa yote, pengine na ng'ombe juu yake, anapata gari. Akifika nyumbani hana hata fedha za oili. Gari hilo halitadumu, hata likiwa la kampuni yenye sifa dunia nzima.

Uimara wa gari una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutoka kiwandani. Sehemu ya pili hutoka kwa mwenye gari. Kiwanda kikimaliza kazi yake, yako ndiyo inaanza.

3. Maadui wa gari katika barabara zetu

Kutoka Kyaka hadi Bugene iko barabara ya lami. Lakini barabara nyingi za kuingia vijijini ni za udongo na changarawe. Kwa hiyo gari la kwetu lina maadui wanne.

Adui wa kwanza ni vumbi. Injini huvuta hewa kama mtu anavyopumua. Hewa hupita katika filta ya hewa. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi jekundu huziba filta hiyo. Injini ikikosa hewa hutoa moshi mweusi, hupoteza nguvu na hula mafuta mengi. Filta ipulizwe kwa upepo mara kwa mara. Ikichakaa ibadilishwe. Usiitoe filta na kuliendesha gari bila hiyo. Vumbi likiingia ndani ya silinda husaga chuma kama msasa.

Adui wa pili ni matope. Matope hushika chini ya gari na kukaa na unyevu. Unyevu huleta kutu. Watu wa Kagera si wageni wa chuma. Katuruka, katika wilaya ya Bukoba, wataalamu walichimbua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za miaka ipatayo 2000 iliyopita. Hata mfua chuma wa kale alijua kwamba jembe lililoachwa na matope huliwa na kutu. Basi osha gari chini pia, si juu tu.

Adui wa tatu ni mashimo. Mashimo hulegeza bushi, boljointi, shokapu na skrubu. Mwendo wa pole katika mashimo ni matengenezo yasiyo na gharama.

Adui wa nne ni milima. Wakati wa kupanda, injini hupata joto. Wakati wa kushuka, breki hupata joto. Dereva anayeshuka mlima mrefu huku amekanyaga breki muda wote huzichosha. Breki zikipata joto kali hupoteza nguvu. Mafuta ya breki nayo yanaweza kuchemka, na pedali ikazama bila gari kusimama. Dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Injini yenyewe hulizuia gari. Usizime injini na kuteremka ili kubana mafuta. Usukani unakuwa mgumu, breki zinapungua nguvu, na watu wanaweza kufa.

4. Kulikagua gari asubuhi

Mfugaji wa Karagwe hangoji ng'ombe wake aanguke. Kila asubuhi huwatazama. Yupi hali? Yupi anachechemea? Yupi macho yamefifia? Mwenye gari naye afanye hivyo. Ukaguzi huu huchukua dakika kumi tu. Ufanye kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare.

Jambo la kwanza: Oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili, ya chini na ya juu. Oili huwa nyeusi kwa kufanya kazi. Hilo si ajabu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, jua kwamba maji yameingia ndani yake. Usiwashe gari. Mwite fundi.

Jambo la pili: Maji ya radieta. Tazama wakati injini ni ya baridi. Usifungue kifuniko cha radieta wakati injini ni ya moto. Maji yataruka na kukuunguza uso na mikono. Maji ya mtoni yana tope, na tope huziba radieta. Ni bora kutumia dawa ya radieta, ambayo wengi huiita kulanti, iliyochanganywa na maji safi jinsi chupa yake inavyoeleza.

Jambo la tatu: Matairi. Tazama upepo, misumari na nyufa. Magari mengi yana kibandiko karibu na mlango wa dereva kinachoeleza kiasi cha upepo. Kisome. Tairi lenye upepo kidogo hupata joto, huchakaa upesi na linaweza kupasuka. Kagua na tairi la akiba. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu.

Jambo la nne: Breki na taa. Tazama mafuta ya breki katika chupa yake. Kanyaga pedali. Ikiwa laini kama sifongo au ikizama, usiondoke. Washa taa zote na umwombe mwenzako azitazame.

Jambo la tano: Chini ya gari. Tazama pale lilipolala. Je, kuna tone? Tone jeusi ni oili. Tone la kijani au la waridi huenda ni maji ya radieta. Harufu ya petroli au dizeli ni dalili ya hatari. Tone dogo la leo linaweza kuwa safari iliyokatika kesho.

5. Kusoma picha za dashibodi

Mtu aliyejua kusoma husoma gazeti, barua na tangazo. Dashibodi ya gari nayo husomwa. Ukizungusha ufunguo, taa ndogo huwaka. Injini ikishawaka, taa hizo zinapaswa kuzimika. Ikibaki moja, gari lina ujumbe.

Picha ya birika lenye tone ni presha ya oili. Ikiwaka rangi nyekundu, simama mara moja na uzime injini. Injini isiyopata oili huweza kufa kwa dakika chache.

Picha ya kipimajoto ni joto la injini. Simama mahali pa salama, zima injini, ngoja ipoe.

Picha ya betri maana yake ni kwamba betri haipati chaji. Huenda mkanda wa altaneta umekatika.

Duara lenye alama ya mshangao ni breki. Angalia kama handibreki imeachwa juu. Kama imeshushwa na taa bado inawaka, usiendeshe gari.

Kwa jumla, taa nyekundu inasema: Simama. Taa ya njano inasema: Nenda kwa fundi mapema.

6. Mazungumzo: Mama na fundi

Tusome mazungumzo haya ya mfano. Mama mmoja wa Kyerwa amenunua Hiace ya dizeli kutoka kwa mtu mwingine. Amekuja gereji.

Fundi: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Nimekuletea gari. Linakwenda vizuri, ila taa moja imewaka. Imeandikwa T-BELT.

Fundi: Mama, taa hiyo ni ya mkanda wa taimingi. Katika Hiace nyingi za dizeli za zamani huwaka gari likitimiza kilometa 100,000. Inakukumbusha kuubadilisha mkanda.

Mama: Mkanda huo unafanya kazi gani?

Fundi: Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu yake kuna valvu zinazofunguka na kufunga. Mkanda unazifanya ziende pamoja, kama wachezaji wanaofuata ngoma moja. Ukikatika, ngoma imevurugika. Pistoni zinagonga valvu. Injini inaharibika.

Mama: Lakini gari halina mlio mbaya wala moshi.

Fundi: Ndiyo hatari yake, mama. Mkanda haulii kabla ya kukatika. Je, aliyekuuzia alikuambia uliwahi kubadilishwa?

Mama: Alisema anadhani ulibadilishwa.

Fundi: Alikupa maandishi yoyote?

Mama: Hapana.

Fundi: Basi tuhesabu kwamba haujabadilishwa.

Mama: Sasa ni msimu wa kahawa. Watu wananingoja niwabebee mizigo. Siwezi kungoja msimu uishe?

Fundi: Uamuzi ni wako, mama. Ila msimu ndio wakati wa mizigo mizito na milima. Mkanda ukikatika katikati ya msimu, utapoteza gari na msimu pia.

Mama: Itachukua siku ngapi?

Fundi: Spea nikizipata leo, kesho jioni utalichukua.

Mama: Haya, fanya. Siku mbili nitazifidia. Injini siwezi kuifidia.

Fundi: Vizuri. Na hapo dukani ununue daftari. Leo tutaandika kilometa na kazi tuliyofanya.

7. Daftari la gari

Fundi amesema neno kubwa. Mama yule alipata hasara kwa sababu mwenye gari wa kwanza "alidhani". Kudhani hakujazi oili. Aliyeandika hana haja ya kudhani.

Nunua daftari la kawaida. Liweke ndani ya gari, katika mfuko wa plastiki. Chora safu tatu: tarehe, kilometa, na kazi iliyofanyika. Kilometa husomwa katika dashibodi. Huu hapa ni mfano:

Tarehe 4 Machi. Kilometa 148,200. Oili na filta ya oili zimebadilishwa.
Tarehe 20 Aprili. Kilometa 149,650. Filta ya hewa imepulizwa. Tairi moja limezibwa pancha.
Tarehe 2 Juni. Kilometa 151,300. Pedi za breki za mbele zimebadilishwa.
Tarehe 11 Julai. Kilometa 152,650. Betri imesafishwa. Mafuta yamejazwa.

Daftari hili lina faida nne. Kwanza, linakumbusha kazi inayofuata. Pili, linamsaidia fundi kujua ugonjwa. Tatu, kama gari ni la kikundi, kila mwanachama anaona fedha zilikokwenda, na ugomvi hupungua. Nne, siku ya kuliuza gari, mnunuzi atakuamini zaidi, kwa kuwa umemwonyesha habari zake zote.

Dereva wa kukodiwa naye aandike. Asipojua kuandika, aje darasani.

8. Hesabu za gari

Hesabu ya kwanza. Tuseme gari letu linabadilishwa oili kila kilometa 5,000. Oili ilibadilishwa kwenye kilometa 148,200. Itabadilishwa tena lini?

148,200 + 5,000 = 153,200

Leo dashibodi inaonyesha 152,650. Zimebaki kilometa ngapi?

153,200 − 152,650 = 550

Hesabu ya pili. Jaza tangi hadi juu na uandike kilometa. Safari zikipita, lijaze tena hadi juu na uandike lita zilizoingia. Tuseme gari limekwenda kilometa 360 na tangi limepokea lita 40.

360 ÷ 40 = 9

Gari limekwenda kilometa 9 kwa lita moja. Mwezi unaofuata, kwa barabara ile ile na mzigo ule ule, lita 40 zimekwenda kilometa 280 tu. Sasa ni kilometa 7 kwa lita. Gari linaanza kuugua. Kagua upepo wa matairi. Kagua filta ya hewa. Kagua kama breki zinashika gurudumu. Pengine, pia, mafuta yanachotwa usiku. Daftari litasema hayo yote kabla ya mfuko wako kutoboka.

Hesabu ya tatu. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme oili, filta na kazi ya fundi ni shilingi 80,000. Kutengeneza injini iliyokufa kwa kukosa oili ni shilingi 2,400,000.

2,400,000 ÷ 80,000 = 30

Fedha za kufufua injini moja zingetosha kubadilisha oili mara 30. Kwa kila mara kilometa 5,000, hizo ni kilometa 150,000. Ni miaka mingi ya kazi.

9. Gari na maisha ya watu

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani. Sheria pia inataka kila gari liwe na bima, angalau ile inayowalinda watu wengine. Lakini tusitunze gari kwa kumwogopa trafiki peke yake. Trafiki haonekani kila kona. Breki mbovu hukaa nawe kila kona.

Tena tusizidishe mzigo. Gari la watu watano likipakiwa watu tisa na mikungu ya ndizi juu, springi hukaa, matairi hupata joto na breki hushindwa. Nauli ya watu wanne wa ziada hainunui mguu wa mtoto.

Hatuna budi kukumbuka kwamba gari la kijiji ni msaada wa watu wengi. Mgonjwa analitegemea. Mkulima mwenye ndizi zinazoiva analitegemea. Mwenye gari anayepima oili asubuhi anawatunza watu hao, hata kama hawamwoni.

Leo jioni, kabla ya kulala, tafuta daftari moja na kalamu. Andika tarehe ya leo na kilometa za gari. Huo ndio mstari wa kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Uimara wa gari una sehemu mbili. Zitaje.
2. Kwa nini ni hatari kufungua radieta ya moto?
3. Dereva afanye nini kabla ya kushuka mlima mrefu?
4. Kama ungekuwa wewe ni yule mama, ungengoja msimu wa kahawa uishe? Eleza sababu.
5. Gari lilibadilishwa oili kwenye kilometa 96,400. Hubadilishwa kila kilometa 5,000. Litabadilishwa tena kwenye kilometa ngapi?
6. Gari limekwenda kilometa 240 kwa lita 30. Ni kilometa ngapi kwa lita moja?
7. Wenye pikipiki darasani: ni mambo gani katika somo hili yanafaa pia kwa pikipiki?

Kazi ya kufanya

Darasa litembelee gari au pikipiki moja iliyo karibu. Mwenye chombo aonyeshe mahali pa oili, mafuta ya breki na betri. Kila mwanafunzi asome kilometa za dashibodi na kuziandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno.

Maana ya maneno

filta: kichujio cha hewa, oili au mafuta.
spea: vipuri vya gari.
pistoni: chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda.
altaneta: chombo kinachochaji betri injini ikiwaka.
shokapu: chombo kinachopunguza mrusho wa gari katika mashimo.